Kuchagua pa kufunga fyuzi kwenye ndege ya kujiundia

Zamani niliwahi kuunguza zulia la matatu. Mwenye gari alitaka amplifaya kubwa nyuma ya kiti cha mwisho, nami nikavuta waya mnene kutoka kwenye betri mbele mpaka nyuma, nikaweka fyuzi palepale kando ya amplifaya. Pazuri, panaonekana, mtu anaibadilisha bila kupiga magoti. Wiki ya pili gari likafuka moshi kwenye foleni ya Buxton, Mombasa. Waya ulikuwa umesuguliwa na ukingo wa bati pale unapopenya kuingia ndani ya gari, shaba ikagusa bodi. Fyuzi nilipoichomoa ilikuwa nzima, inang'aa kama imetoka dukani. Moto ule haukuihusu, kwa sababu umeme wa ile shoti haukuipitia. Ulitoka kwenye betri ukaishia katikati ya njia.

Kosa hilohilo lilitaka kujirudia mwaka jana, safari hii kwenye ndege. Mzee mmoja rafiki yangu, rubani mstaafu, anaunganisha ndege yake mwenyewe ndani ya ghala huko Miritini. Ni Zenith CH 750, bati la alumini, mabawa juu, viti viwili ubavu kwa ubavu, injini ya Rotax 912. Aliniita nimfungie umeme. Nilipofika nikamkuta ameshachora paneli kwenye karatasi ngumu, kila kifaa na fyuzi yake pembeni: redio na yake, transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada) na yake, taa na yake.

"Fundi," akaniambia, "nataka zote mbele ya macho yangu."

"Mzee wangu, hebu tunywe kahawa kwanza."

Tukanywa, tukachana ile karatasi, tukaanza upya. Mpangilio tuliofuata ndio huu. Mimi ni fundi wa waya wa magari, na ndege imenifundisha mambo ambayo gari lilinisamehe, kwa hiyo nitaeleza kwa lugha ya gereji.

Hatua ya 1: Jua fyuzi inalinda nini

Inalinda waya. Redio ina ulinzi wake ndani, na ikiungua imeshaungua kabla fyuzi haijapata habari. Kazi ya fyuzi ni kuyeyuka kabla waya haujapata moto wa kuyeyusha ngozi yake na za jirani zake. Betri ndogo ya ndege, hata ile unayoibeba kwa mkono mmoja, ikipigwa shoti husukuma mamia ya ampea kwa muda mfupi. Waya mwembamba wa taa hapo hugeuka kuwa kama ule wa jiko la umeme.

Ukilikubali hilo, nusu ya swali la "iwekwe wapi" imeshajibiwa. Sehemu yote ya waya iliyo kati ya chanzo cha umeme na fyuzi haina mlinzi. Kwa hiyo fyuzi hukaa karibu na chanzo, na umbali wake kutoka kwenye kifaa hauna maana yoyote. Kwenye kazi za muziki wa magari tumezoea kutozidisha sentimita 45 kutoka betri, na mimi hata hizo naziona nyingi.

Ila usiipe sifa isiyo yake. Fyuzi huona wingi wa umeme tu. Cheche ndogo zinazorukaruka kwenye waya uliochubuka zinaweza kuwasha moto bila kuvuta ampea za kutosha kuikata. Ndege ya Swissair iliyoanguka baharini karibu na Nova Scotia, Kanada, Septemba 1998, watu 229 wakafa, iliungua juu ya chumba cha marubani, na wachunguzi walikuta alama za cheche kwenye nyaya za mitambo ya burudani ya abiria. Vikata umeme vya ndege ile, vinavyofanya kazi ya fyuzi, havikuundwa kuzitambua cheche hizo. Kwa hiyo hata fyuzi ikikaa pahali pake sawasawa, waya usisuguliwe na kitu.

Hatua ya 2: Orodha kwenye karatasi

Piga mistari mitatu. Wa kwanza, jina la kifaa. Wa pili, ampea zake kama zilivyoandikwa kwenye kitabu chake, si kwa kukisia. Wa tatu ndio wenye kazi: *kikizimika hewani, nafanya nini?*

Mzee alikwama hapo karibu saa nzima, na ilifaa akwame. Redio ikifa? Anayo ya mkononi yenye betri yake. Taa ya kutua? Haruki usiku. Pampu ya petroli? Injini ina pampu yake ya kuendeshwa na mashine, na matangi yako juu mabawani, petroli inashuka yenyewe. Injini je? Rotax 912 ya kabureta ina mifumo miwili ya kuwasha cheche inayojizalishia umeme wake, haitegemei betri hata chembe. Ukichomoa fyuzi zote, injini inaendelea kuunguruma.

Alipofika mwisho wa orodha akagundua kwamba hakuna kifaa hata kimoja ambacho angelazimika kukifufua angani ili atue salama. Shika jibu hilo, linarudi hatua ya 5. Kama injini yako ni ya kupuliza petroli kwa kompyuta, au pampu pekee ni ya umeme, orodha yako itasema mengine, na dawa yake ni kukipa kifaa hicho njia mbili za umeme zenye fyuzi mbili.

Hatua ya 3: Waya kwanza, fyuzi baadaye

Unachagua waya unaoweza kubeba mzigo, kisha fyuzi inayoweza kuulinda waya huo. Wengi hufanya kinyume: fyuzi ikikatika wanapandisha saizi mpaka ikatulia. Imetulia kwa sababu sasa waya ndio fyuzi.

Michoro mingi ya ndege huja na geji za Kimarekani, madukani kwetu waya huuzwa kwa milimita za mraba. Tulizoandika ukutani kwa chaki ni hizi: geji 22, karibu milimita za mraba 0.33, fyuzi ya ampea 5. Geji 20, milimita 0.5, ampea 7.5. Geji 18, milimita 0.8, ampea 10. Geji 14, milimita 2, ampea 15. Geji 12, milimita 3.3, ampea 20. Geji 10, milimita 5.3, ampea 30. Ni vipimo vya woga kidogo, makusudi, kwa sababu ndani ya fungu la nyaya joto halina pa kutokea.

Fyuzi zenyewe tukachukua zile bapa za magari, za miguu miwili, ambazo kila fundi anazijua kwa rangi: 5 kahawia hafifu, 7.5 kahawia iliyokolea, 10 nyekundu, 15 buluu, 20 manjano, 30 kijani. Mzigo wa kudumu usizidi robo tatu ya namba ya fyuzi, la sivyo itachoka polepole na kukukatikia siku njema isiyo na kosa lolote.

Hatua ya 4: Fuata umeme kutoka unakotoka

Weka kidole kwenye nguzo chanya ya betri uufuate waya. Kila mahali unapogawanyika au unapokonda, jiulize nani anaulinda kuanzia hapo.

Waya wa stata, ule mnene kama kidole, kwa desturi hauwekewi fyuzi. Ulinzi wake ni relei kuu, ambayo rubani huikata kwa swichi, na ufupi wake. Kwa hiyo relei kuu inakaa ubavuni mwa betri. Tuliifunga sentimita 20 kutoka kwenye nguzo, na waya huo mfupi ukavikwa mpira wa ziada na kubanwa pande zote mbili.

Kutoka kwenye relei, waya wa geji 8 unakwenda ndani kwenye upau wa shaba unaogawia vifaa vyote. Kuna wajenzi wanaouacha bila fyuzi wakisema ni mfupi na umefungwa vizuri. Mimi, kwa sababu ya zulia la matatu, niliweka fyuzi ya kukazwa kwa nati ya ampea 40 palepale kwenye relei. Vifaa vyote pamoja havifiki ampea 20, kwa hiyo itakatika kwa shoti ya kweli tu.

Waya wa jenereta ndio unaowachanganya wengi, hata mafundi wazee. Jenereta ya Rotax 912 hutoa wati 250, takriban ampea 20, halafu umeme unapita kwenye regyuleta, kifaa cha kudhibiti volti, mpaka betri. Fyuzi ikae upande gani? Watu huiweka kwenye regyuleta kwa sababu "umeme unatoka huko". Lakini jenereta haiwezi kutoa zaidi ya ilivyoundwa, hata ukiipiga shoti. Anayeweza kumwaga mamia ya ampea ni betri, na yuko upande wa pili. Hivyo fyuzi inakaa upande wa betri, na isiwe ya 20 kwa jenereta ya 20. Tuliweka 30 na waya wa geji 10.

Zile nyaya zinazobaki na umeme hata swichi kuu ikizimwa, kama ya saa, ziwe chache kabisa. Desturi ya watu wa ndege ni kutozipa zaidi ya ampea 5, na fyuzi iwe kwenye betri yenyewe. Ndege ikianguka na petroli ikamwagika, hizo ndizo nyaya ambazo rubani hawezi kuzizima.

Hatua ya 5: Amua kama utazigusa hewani

Hapa ndipo mimi na mzee tulivutana. Yeye ameruka miaka mingi na ndege zenye vikata umeme vya kubonyeza, safu nzima mkononi. Kimoja kikiruka, unasubiri, unakibonyeza. Anataka fyuzi ziwe vivyo hivyo.

Nikamuuliza, fyuzi imekatika kwa nini? Hakuwa na jibu, na hakuna anayekuwa nalo akiwa futi 3,000 juu ya Vipingo, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine unapapasa chini ya paneli. Fyuzi iliyokatika imekwambia kuna waya umeguswa mahali. Ukiweka nyingine unalisha moto upya usioujua uliko.

Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia habari ya Sanford, Florida, Julai 2007. Rubani wa Cessna 310 alinusa kuungua siku moja kabla, akakivuta kikata umeme cha rada, harufu ikaisha, akatua, akaiandika. Kosa halikutengenezwa. Kesho yake ndege ikaruka na marubani wengine, na wachunguzi waliona uwezekano mkubwa kwamba kikata umeme kile kilirudishwa. Moshi na moto vikazuka ndani, ndege ikaangukia nyumba. Watu watano walikufa, watatu kati yao walikuwa majumbani mwao. Alipomaliza kusimulia akanyamaza, kisha akasema, "Haya basi, zitoe mbele ya macho yangu."

Kwa hiyo kanuni yetu ni kwamba fyuzi zinabadilishwa chini, injini imezimwa. Zikae mahali ambapo fundi anakaa kitako akazifikia, wala si mahali pa mkono wa rubani. Redio ikifa karibu na uwanja wa Moi International, anaweka 7600, namba ya kusema redio imekufa, kwenye transponda (yenye fyuzi yake, makusudi), anashika redio ya mkononi, na hiyo nayo ikigoma anaangalia taa ya mnara: kijani isiyometa inamruhusu kutua, nyekundu isiyometa inamwambia apishe wengine na aendelee kuzunguka.

Anayeruka usiku ana hesabu nyingine. Sheria za Marekani, kwa mfano, zinadai seti nzima ya fyuzi za akiba, au tatu za kila aina inayotakiwa, ziwe pahali ambapo rubani atazifikia akiwa hewani. Kama ndiyo safari zako, hatua zinazofuata zitabadilika kidogo. Na kabla ya kukata bati, kamuulize mkaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya anataka kuona nini. Ni rahisi kuhamisha kisanduku kwenye karatasi kuliko kwenye alumini.

Hatua ya 6: Upande wa injini au upande wa watu

Kati ya injini na abiria kuna ukuta wa kuzuia moto, bati la chuma. Kwenye ndege zinazoidhinishwa Marekani, chuma kisichoshika kutu cha milimita 0.38 kimekubalika kwa kazi hiyo bila majaribio zaidi. Mbele ya ukuta huo kuna joto, mtikisiko, mafuta na mvua. Fyuzi hupimwa kwenye joto la chumba, nyuzi 23 hadi 25. Ukiiweka kando ya bomba la moshi, ya ampea 10 huanza kujifanya ya 8.

Kwa hiyo mbele tuliacha mbili tu ambazo hatukuwa na budi, ya 40 na ya jenereta, zote za kukazwa kwa nati, chini ya kifuniko, kwa sababu betri na relei ziko huko. Nyingine zote zikaingia ndani. Pale waya unapopenya ukuta, usitumie pete ya mpira peke yake kama kwenye gari. Mpira unaungua, tundu linabaki, na moto unapata dirisha. Tulitumia shingo ya chuma na gundi isiyoshika moto.

Hatua ya 7: Kisanduku cha maboksi

Hii ni hatua ya kitoto na ndiyo iliyotufaa kuliko zote. Kata boksi la viatu, litoe kipande chenye ukubwa sawa na kisanduku cha fyuzi pamoja na nafasi ya nyaya nyuma yake, kibandike kwa gundi ya karatasi kila unapopafikiria, halafu uingie ndani ya ndege ukae.

Kwanza tulikibandika ukutani kando ya mlango wa kushoto. Panafikika, pana mwanga. Lakini ndege hii ina matangi mabawani, na bomba la petroli linashuka kwenye nguzo ya mlango uleule. Fyuzi na bomba la petroli havilali kitanda kimoja. Tukakibandua.

Sakafuni chini ya kiti? Maji ya mvua yakiingia yanatuama hapo, pamoja na mchanga wa viatu na maganda ya njugu. Hapana.

Nyuma ya paneli, juu, ndipo michoro mingi inapopaonyesha. Mzee akalala chali, kichwa kwenye pedali, miguu juu ya kiti, tochi mdomoni, ajaribu kuchomoa fyuzi. Ana miaka sabini na kitu. Nikampiga picha, akaniambia niifute.

Jaribio lile lilitupa jambo jingine. Fyuzi ilimponyoka ikaanguka sakafuni, ikapotea chini ya bati mahali fimbo ya usukani inapoungana na viunganishi vyake. Tukatafuta dakika arobaini. Sumaku haikusaidia kitu, maana fyuzi hizi ni za zinki. Tuliitoa kwa chingamu kwenye ncha ya waya. Fyuzi moja ndogo inaweza kukwamisha usukani, kwa hiyo tangu siku hiyo haibadilishwi fyuzi kabla ya kutandika kitambaa chini yake.

Mwishowe tukaafikiana upande wa kulia, wa abiria, chini ya paneli, kwenye kibao cha alumini chenye bawaba ndefu kwa juu. Ukifungua skrubu mbili za robo mzunguko kinainama kuja kwako, fyuzi zote zinakutazama usoni, na unafanya kazi ukiwa umekaa kwenye kiti cha abiria kama mtu mwenye heshima zake. Kikifungwa hakigusi goti la mtu. Usisahau kulijaribu hilo goti, na ukanda umefungwa, kiti kimesogezwa mbele kabisa.

Kuna ujanja mmoja kwenye kibao cha bawaba. Fungu la nyaya lisivuke bawaba moja kwa moja, litakunjika palepale kila siku mpaka shaba ikatike. Lipitishe sambamba na bawaba kwa kama kipimo cha shubiri kisha ndipo liingie. Kibao kikifunguka nyaya zinajisokota kidogo tu badala ya kukunjika.

Kabla ya kutoboa tundu la kwanza, angalia dira. Umeme wa moja kwa moja ukipita kwenye waya mnene hujifanya sumaku. Tulishikiza waya wa upau kwa kamba, tukawasha taa ya kutua, dira ikaondoka karibu nyuzi 10. Tukausogeza waya kulia na kusokota chanya na hasi pamoja, ikatulia.

Hatua ya 8: Chumvi yetu

Michoro ya Wazungu haikuandikwa kwa hewa ya Mombasa. Hapa waya wa shaba tupu ukiuacha ncha wazi ghalani kipindi cha kusi, unaota ukijani kabla hujarudi. Nunua waya uliopakwa bati. Utaujua kwa kuumenya: nyuzi zake ni nyeupe, si nyekundu. Waya wa ndege wenye ngozi ya Tefzel, unaostahimili joto la nyuzi 150, itakubidi uuagize. Waya wa magari wa ngozi ya PVC ni rahisi kupata, lakini ukiungua unatoa moshi mkali wenye asidi, na kwenye ndege huwezi kufungua mlango ukashuka.

Kisanduku kielekeze ubavuni au chini, kamwe kisitazame juu. Kila waya kabla ya kuingia ushuke kidogo chini ya kisanduku kisha upande, ili maji yanayotiririka juu yake yadondoke pale unapopinda yasiingie ndani. Grisi ya silikoni kiasi cha punje ya mchele kwenye kila tundu la fyuzi inatosha.

Hatua ya 9: Fyuzi zenyewe zijaribiwe

Nilinunua pakiti tatu kutoka maduka matatu. Jaribio halihitaji maabara: betri ya gari, fyuzi ya ampea 10, na balbu nne za H4 za wati 60 zilizofungwa bega kwa bega, taa ya mbali. Kila moja inavuta ampea 5, jumla 20, mara mbili ya uwezo wa fyuzi. Fyuzi ya halali inapaswa kukatika ndani ya sekunde 5.

Ya kwanza ilikatika nikiwa bado nasema "moja". Ya pili sekunde tatu. Ya tatu iliendelea kuwaka nayo. Ile plastiki nyekundu ikaanza kulegea, ikatoa harufu, kile kiuzi cha ndani kikawa cha rangi ya chungwa, na balbu zote nne bado zinaangaza ukuta wa ghala kama harusi. Sekunde ishirini na kitu nikachomoa waya mwenyewe. Pakiti hiyo nzima nikaitupa, sikuiacha hata kwa magari. Jaribu mbili au tatu kutoka kila pakiti, na vaa miwani.

Hatua ya 10: Kutia umeme mara ya kwanza

Fyuzi zote nje. Betri haijaungwa. Pima kwa mita kati ya upau na bodi ya ndege, swichi zote zimezimwa: pasiwe na njia. Unga betri, washa relei kuu, pima volti kwenye upau. Kisha tia fyuzi moja, washa kifaa chake, soma ampea, linganisha na orodha ya hatua ya 2, zima, tia inayofuata. Andika jina kando ya kila tundu kwa maandishi yasiyofutika, na uchoraji wa mwisho, ule wa kweli wenye marekebisho yote, ukunje ubandike nyuma ya kibao. Mzee aliandika zake kwa Kiswahili, REDIO, TAA YA KUTUA, PAMPU, kwa herufi za kupanga rula.

Tulipomaliza tuliisukuma ndege nje, tukafunga magurudumu, tukawasha injini nusu saa, kila kitu kimewashwa. Baada ya kuzima nikafungua kibao, nikapita na mgongo wa kidole juu ya fyuzi moja moja. Zote vuguvugu isipokuwa ya taa ya kutua, ambayo ilinifanya nirudishe kidole haraka. Fyuzi ilikuwa sawa, mzigo ulikuwa sawa. Nilipovuta waya wake taratibu, kichwa chake kikateleza milimita mbili kwenye meno ya tundu. Nilikuwa nimekibana mwenyewe, kwa koleo la kawaida, siku ambayo lile la kubania lilikuwa limeazimwa. Nikakata, nikabana kipya, tukawasha tena nusu saa.